Maua ya Kuliwa na Wali

Kosa langu la kwanza lilikuwa mchicha. Niliupanda mbele ya nyumba, pale ambapo majirani zetu wa hapa Plano, Texas, hupanda waridi, na wala sikuona haya. Nyuma ya nyumba tuna mwaloni mkubwa ambao kivuli chake kimemeza ua mzima, jua liko mbele tu. Sasa nifanyeje, nilihamishe jua? Mchicha ukaota, nikaongeza mistari miwili ya bamia, nikawa natoka asubuhi na kikombe changu cha chai kuuangalia kama mtu aliyefungua duka. Wiki ya nne ikaja barua ya chama cha wenye nyumba: mbele ya nyumba inaruhusiwa mimea ya mapambo tu. Mboga zote ziondolewe ndani ya siku kumi.

Mama yangu aliniomba nimsomee. Nikasoma, nikamtafsiria. Akauliza, "Mboga imemkosea nini mtu?"

Mchicha ule ulikuwa wake kuliko wangu. Tulimleta kutoka Muheza mwezi wa kwanza, baada ya baba kufariki, kwa sababu ndugu zangu walisema asikae peke yake, na mimi kwa kimbelembele changu nikasema huku kwangu atapumzika. Apumzike! Mtu ameshika jembe tangu hajaota meno ya ukubwani, unamweka kwenye nyumba yenye kiyoyozi, mkwe wake yuko barabarani na lori, mjukuu wake yuko Houston anasoma, na mimi niko Dallas nauguza wazee wa watu kutwa nzima. Wazee wa watu nawalisha kwa kijiko, mama yangu mwenyewe namwachia sahani kwenye maikrowevu. Jioni naikuta vilevile. Alikonda mpaka bangili zikawa zinamvuka mkononi. Dada zake wakimpigia simu Jumapili, alikuwa anasema kwa sauti ili na mimi nisikie, "Huyu mtoto amenifungia kwenye friji."

Tuling'oa mchicha pamoja. Alipomaliza akakung'uta kanga yake, akaniambia kwa upole kabisa, na upole huo ulinitisha kuliko kama angefoka, "Mwanangu, nirudishe kwetu." Nilisema tutaona. Kisha nikaenda bafuni, nikafungua maji ili asinisikie, nikalia.

Siku chache baadaye nilikwenda duka la mimea kununua waridi, niwazibe mdomo wale watu wa kamati ya chama. Nikiwa napita na toroli langu upande wa maua nikasimama ghafla. Matembele! Vyungu kwa vyungu vya matembele, mengine kijani cha limau, mengine zambarau, yamepangwa katikati ya maua na kibao chake kabisa: mmea wa mapambo, hupenda jua. Majani ya viazi vitamu, mboga niliyolishwa kabla sijajua kutembea, wenzetu wanayapanda kwa ajili ya kuyatazama tu! Nilicheka peke yangu mpaka mwuzaji akaja kuniuliza kama niko salama. Nikamwambia niko salama kuliko jana, nikajaza toroli.

Mama alipoyaona na yeye akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu tumzike baba. Akaonja jani moja bichi, akalitema. "Haya ni ya kuonyesha wageni," akasema. "Ya kula yako wapi?"

Ya kula yalikuwa Houston. Jumamosi ile tulikwenda kumwona binti yangu, akatupeleka kwenye soko moja la mboga, na huko tukakuta mafungu ya matembele yenyewe, na marando yake marefu, ile mikono ya mmea ambayo ukiifukia kwenye udongo inaota. Mama alichagua kwa muda mrefu, akivunja shina moja moja na kusikiliza linavyolia. Binti yangu alikuwa anatazama huku na huku kwa aibu, anasema kwa Kiingereza kwamba watu wanatuangalia. "Waache waangalie, watajifunza," mama akamjibu. Akayaviringisha marando kwenye kanga iliyolowa, akayapakata saa zote nne za kurudi nyumbani, na akanikataza kuwasha kiyoyozi yasije yakapata mafua. Nilifika Plano nimelowa jasho.

Tukayapanda, ya mapambo mstari wa mbele, ya kula nyuma yake. Tulikuwa tumechuchumaa, mikono imejaa udongo mweusi wa huku, unaonata ukilowa na kupasuka ukikauka, nikamwambia, "Mama, kaa basi angalau tuyaone haya." Akanitazama. Ananijua vizuri, mimi ndiye niliyeua mpaka mshubiri aliowahi kunipa, mmea ambao hata ukiusahau mwaka mzima hauna neno.

"Haya," akasema. "Nitakaa mpaka yatakapokufa. Yakifa, tiketi."

Tukapeana mikono na udongo wetu.

Sasa nikiri. Muheza matembele hayafi. Utayachuma, utayakanyaga, mbuzi atayala, kesho yameota tena. Lakini Texas, kila mwaka majira ya baridi yakiingia, inakuja asubuhi moja ya barafu, na kila kilicho laini kinalala chini kimekuwa cheusi. Mama hakulijua hilo. Alidhani anashindana na uvivu wangu, na kwa uvivu wangu alihesabu kwamba mwezi hautaisha atakuwa uwanja wa ndege. Mimi nilijua anashindana na nini hasa, na nikanyamaza kimya. Nilikuwa naomba tu kwamba barafu ikifika atakuwa ameshazoea.

Katibu wa kamati, yule aliyesaini barua, alikuwa anakaa nyumba ya kona, ya tatu kutoka kwetu. Ni mama mtu mzima, mjane, ana kijibwa cheupe anachokitembeza kila asubuhi. Mama akampa jina la mama wa mbwa, na nilimwomba sana asije akakosea akamwita hivyo mbele yake kukawa na mtu wa kutafsiri. Asubuhi moja akasimama mbele ya matembele yetu. "Maua mazuri haya," akasema kwa Kiingereza. "Majani peke yake yanatosha." Nikamtafsiria mama. Mama akainamisha kichwa kwa heshima zote, akamjibu kwa Kiingereza chake mwenyewe, "Flawa."

Tangu siku hiyo neno mboga likapigwa marufuku nyumbani kwetu. Ikawa ni maua. Maua ya nazi, maua ya karanga. "Leo maua yamezidi chumvi." Nikimpigia simu kutoka kazini kumuuliza amekula nini, ananijibu, "Maua na wali." Nilikuwa nakata simu nimefurahi mpaka wazee wangu wananiuliza nimepata nini. Nimepata nini? Mama amekula.

Kiangazi kikapamba moto. Mama alikuwa anatoka asubuhi mapema kabla jua halijawa kali, ameshika mkasi mkubwa wa bustani ambao hakuutumia hata siku moja. Ulikuwa wa kuonekana tu. Mkono wa kulia mkasi, mkono wa kushoto unachuma, majani yanaingia kwenye kanga. Mtu akipita anakata hewa, cha, cha, cha, anampungia mkono, mtu anapita zake. Akimaliza anaingia gereji, anashusha mlango nusu, anakaa kwenye ndoo kuchambua. Kuna sisimizi wekundu huku wanaouma vibaya sana. Aliwamwagia maji ya moto huku akiwasomea makosa yao.

Nikamtania siku moja, nimemkuta na mpira wa maji. "Mama, unamwagilia ili usiondoke?"

"Namwagilia kwa sababu yana kiu," akasema. "Ningekuachia wewe saa hizi ningekuwa Muheza nakunywa dafu."

Mama wa mbwa naye yakamwingia moyoni, akaomba mbegu. Mama akaenda mwenyewe na jembe begani, akampandia mbele ya nyumba mchanganyiko uleule wa kwetu, kijani, zambarau, na yale ya kula. Wakawa wanaongea kupitia simu ya yule mwanamke, ambayo inatafsiri Kiswahili kwa sauti ya mtangazaji wa redio. Mpaka mwezi wa tisa bustani ya kona ilikuwa imeipita yetu kwa mbali. Wiki ile kamati ilikuwa ipite kuchagua bustani nzuri ya mwezi, na mwenye nyumba ya kona alikuwa ameshajitoa kwenye uamuzi ili naye ashindanishwe. Alikuwa anaifagia mpaka njia ya miguu.

Hapo ndipo tulipoharibu.

Kazini nina rafiki, dada Mkongo wa kutoka Uvira. Anakaa Vickery Meadow kwenye nyumba za kupanga zilizobebana, hana udongo hata wa kujaza kikombe. Mara kwa mara nilimpelekea mfuko na kumwambia, "Nimekuletea maua ya mama," naye alishalizoea neno letu. Jumamosi moja matembele yalizidi, mama akachukua simu yangu akamwambia mwenyewe. "Mwanangu, kesho njoo uchume maua. Yako mbele ya nyumba. Usihangaike kubisha hodi, mimi mchana nalala na huyu yuko kazini. Wewe chuma tu, chuma yote unayoweza."

"Aksanti sana mama," dada akajibu. "Nitakuya kesho nikitoka ku kanisa."

Mimi nikamtumia jina la mtaa. Namba ya nyumba nilisahau kuiweka wala yeye hakuiuliza, maana alikuwa na alama tosha: matembele mbele ya nyumba. Na ukiingia mtaa wetu, nyumba ya kwanza ni ya kona.

Jumapili jioni niko jikoni, simu ikalia. "Dada! Maua ya mama ni mengi, Mungu ni mukubwa! Nimejaza mifuko ine. Nimechuma mpaka mukono umechoka."

Nikatazama dirishani. Maua yetu yalikuwa palepale, hayajaguswa hata jani.

"Dada," nikasema, "mlango wa nyumba ulikuwa rangi gani?"

"Mwekundu."

Mlango wetu ni wa bluu. Nikamweleza. Akasema kwa sauti ndogo, "Lakini dada, ni nani mwingine ku Plano anapandaka matembele mbele ya nyumba?"

Swali lilikuwa la haki kabisa.

Nilivaa raba nikajifanya natembea kwa ajili ya mazoezi. Lo! Nilipofika kona nilishika kichwa. Kila rando lilikuwa limevuliwa majani, zimebaki ncha tu, kazi safi ya mtu anayejua anachofanya. Na magugu aliyaondoa, akayapanga fungu zuri pembeni, kwa sababu aliona si adabu kuchuma kwa mtu bila kumpalilia.

Mama wa mbwa alikuwa amekwenda kwa mwanawe, akarudi Jumatatu asubuhi. Hazikupita dakika kumi yuko mlangoni kwetu, macho mekundu, kijibwa kwapani. "Kuna mnyama amekula maua yangu yote," akasema. "Mnyama gani anakula hivi?"

Nikafikiri haraka haraka. Nikisema yanaliwa, ni mboga. Kama ni mboga, barua. Barua ikija, tunang'oa. Tukiyang'oa yamekufa, na yakifa, tiketi. Nikafungua mdomo wangu huu, mtu mzima na akili zangu, nikasema, "Sungura. Mwaka huu wamezidi." Akatikisa kichwa kwa masikitiko, akasema atatafuta dawa ya kuwafukuza.

Alipoondoka mama akaniuliza, "Amesemaje?" Nikamwambia. "Na wewe umemwambiaje?"

"Nimemwambia sungura."

"Astaghfirullah! Umemsingizia sungura?"

"Mama, nikisema kweli wanatung'olea. Wakitung'olea yamekufa. Yakifa unaondoka." Sauti ikanitoka kama ya mtoto. "Mimi sitaki uondoke."

Sijui aliona nini usoni mwangu, lakini alijifunga kanga kiunoni, akasema, "Toa nazi kwenye friji."

Akapika matembele ya nazi kama yale ya sikukuu, mazito, na wali juu. Mimi nilibeba sufuria, yeye akatangulia. Njiani akaniuliza sungura anaitwaje kwa Kiingereza. Nikamwambia. Akawa analirudia neno kila hatua, rabiti, rabiti, mpaka tukafika kwenye mlango mwekundu.

Mama wa mbwa akafungua. Mama akafunua sufuria mwenyewe, akanyoosha kidole kwenye matembele. "Flawa," akasema. Halafu akaweka mkono kifuani pake. "Rabiti."

Yule mwanamke akatazama sufuria, akamtazama mama, akatazama bustani yake iliyo uchi. Mimi nikamwaga yote bila kupumua: mchicha, duka la mimea, Houston, mkasi wa uongo, rafiki yangu, nyumba ya kona. Nilipomaliza hakucheka wala hakufoka. Aliingia ndani akatoka na kijiko. Kijiko cha kwanza alikula amesimama. Cha pili akakaa kwenye ngazi.

"Tangu mwezi wa nne?" akaniuliza.

"Tangu mwezi wa nne."

"Mimi nikipita na mbwa?"

"Ukipita na mbwa."

Hapo akacheka, akacheka mpaka kijibwa kikaanza kubweka, na mama naye akacheka bila kuelewa hata neno moja. Alipopata pumzi akasema kazi yake katika kamati ni kuangalia mbele ya nyumba za watu, hakuna aliyemtuma kuchungulia sufuria. Bustani ya mwezi walipewa watu wengine. Mimi nilikuwa nimechelewa kazini nikawaacha pale na ile simu yao ya kutafsiri. Jioni nikamuuliza mama walikuwa wanaongea nini mpaka mchana. "Ya wakubwa," akasema.

Mwezi wa kumi vikombe vikaanza kupotea. Kwanza kile cha bluu, halafu bilauri mbili, halafu kikombe changu cha kazini. Nikamshukia mume wangu, maana ana tabia ya kuondoka na vikombe kwenye lori na kuvisahau huko. Akaapa. Nikamwambia aape vizuri. Mpaka leo nadaiwa samahani yake, na sina haraka nayo.

Mwezi wa kumi na moja ukaisha, na utabiri wa hali ya hewa ukasema barafu inakuja. Jioni ile nilitoa mashuka yote kabatini, mablanketi ya wageni, hata koti langu zuri, nikayafunika matembele kama wagonjwa. Mama alikuwa dirishani ananitazama.

"Unafanya nini huko?"

"Kuna baridi kidogo."

"Haya," akasema, akavuta pazia.

Asubuhi nilifunua shuka la kwanza. Meusi. La pili, meusi. Yalikuwa yamelala yote, yale ya kuonyesha wageni na yale ya kula. Nilisimama na shuka mkononi, machozi yananitoka. Mama akatoka kwa mlango wa mbele amevaa koti la mume wangu, soksi na ndala. Akainama, akashika rando moja, likakatika.

"Yamekufa," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Ulijua yatakufa?"

Sikuwa na nguvu za sungura mwingine. "Nilijua tangu mwezi wa nne."

"Na mimi nilijua tangu mwezi wa tisa. Mama wa mbwa aliniambia siku ile ya wali. Nikasema nimngoje huyu mtoto aniambie mwenyewe. Wapi!"

Niliona aibu mpaka masikio yakapata moto katika baridi ile. Nikamwambia nitatafuta tiketi leo hii, na nilikuwa namaanisha. Akanishika mkono. "Njoo."

Akanipeleka chumbani kwake, ambako mlango ulikuwa unafungwa tangu mwezi wa kumi, eti kwa ajili ya baridi. Vikombe vyangu! Dirishani, mezani, sakafuni palipo na jua. Cha bluu, bilauri, cha kazini. Kila kimoja kina maji, na kila kimoja kina rando la matembele, majani mabichi juu, mizizi myeupe chini. Akaniambia mengine yako dirishani kwa mama wa mbwa, na mengine amempa yule rafiki yangu wa Vickery Meadow ayaweke kwenye chupa za soda, kama ya hapa yangepatwa na neno.

"Haya yamekufa?" akaniuliza.

"Hayajafa."

"Mimi nilisema yakifa yote, tiketi."

Neno yote halikuwepo. Nakumbuka vizuri siku ile, nakumbuka mpaka udongo kwenye kucha zake. Alisema yakifa, tiketi, akanipa mkono, basi. Nikamtazama, naye akanitazama bila kupepesa, bangili zimembana mkononi.

"Ndiyo, mama," nikasema. "Ulisema yote."

"Kuna rando moja limebaki halina chombo," akasema. Nikaenda jikoni nikamletea kikombe changu cha chai, ndicho kilichokuwa kimebaki, na chai yangu siku ile nikainywa kwenye bakuli.